Bingwa wa Sebuleni

Televisheni ya nyumba hii niliinunua kwa ajili ya taarifa ya habari na mechi za Simba na Yanga. Siku hizi inaonyesha misumari.

Binti yangu anasomea udaktari, mwaka wa nne. Chuoni kwao lipo boksi la kufanyia mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo, ila foleni yake haisogei. Basi akachukua ndoo ya mama yake ya unga, akaitoboa mfuniko, akaenda Kariakoo kununua ile kamera ya waya ambayo mafundi huchungulia nayo ndani ya injini. Kaifunga kwenye kipande cha bomba, waya kauchomeka kwenye kompyuta, kompyuta kwenye televisheni. Unga sasa unakaa kwenye sufuria la pilau. Pilau hatupiki.

Upasuaji wenyewe, nilivyoelezwa wakati wa chakula bila kuombwa ruhusa, ni hivi. Tumbo halipasuliwi. Wanalitoboa matundu ya milimita 5, mengine 10 au 12, wanalijaza hewa ya kabonidayoksaidi mpaka linatuna, kisha wanaingiza kamera na vyuma virefu. Daktari haangalii tumbo tena, anaangalia skrini. Na hiyo kamera, ambayo ndiyo macho yake, mara nyingi anashikishwa nani? Mwanafunzi! Yule yule aliyekuwa hajui kumulika tochi umeme ukikatika.

Angejifunza peke yake nisingelalamika. Lakini anayejifunza kumsaidia daktari lazima awe na daktari wa kumsaidia. Ndiyo maana mimi, mstaafu wa reli, nimepewa ubingwa.

Kazi yangu ni kuhamisha pete sita za raba, msumari hadi msumari, kila moja niipokeze hewani kutoka koleo la mkono huu kwenda la mkono ule, zote ndani ya sekunde 300. Ukisukuma mpini kulia, ncha inakwenda kushoto. Ukiuinua, ncha inazama. Mke wangu akipita na ungo wake anauliza nimekunywa nini.

Kinachonichosha zaidi ni kufoka. Anasema mabingwa wengine hufoka, kwa hiyo azoee mapema.

"Baba, picha imelala upande na umenyamaza tu!"

"Nyoosha kamera, mama."

"Ndiyo kufoka huko? Na hakuna bingwa anayemwita msaidizi wake mama."

Kisha kuna suala la ukungu. Lenzi ya baridi ikiingia kwenye joto la tumbo hufifia, hivyo huchovywa kwanza kwenye maji ya moto. Ndoo ya unga haina joto lolote, lakini ati utaratibu ni utaratibu, na maji hayo yanahifadhiwa kwenye chupa yangu ya chai.

Nikauliza nani alituletea balaa hili. Nikatajiwa Kurt Semm, daktari wa wanawake wa Ujerumani, aliyetoa kidole tumbo kwa njia hii mjini Kiel mwaka 1980, na ndiye huyo huyo aliyebuni boksi lake la mazoezi. Wenzake kazini waliwahi kumtaka akapigwe picha ya ubongo. Watu wenye busara kama hao sijui kwa nini hawasikilizwi.

Haya, mkono wake umetulia, hilo sibishi. Wageni wanaingia, simu inalia, ncha ya koleo langu haitoki katikati ya skrini. Kwa bahati mbaya umahiri huo umemfungulia hamu ya hatua inayofuata: mfuko wa nyongo. Anataka ini la mbuzi, zima, na nyongo yake ikiwa imeshikilia pale pale. Aliyetumwa buchani ni bingwa, maana ndiye mwenye pensheni.

Mwenye bucha alinitazama, akalitazama ini, akanitazama tena. Akasema nyongo kila siku anatupa, hana bei nayo, ila kwa kuwa leo mzee ameiulizia mwenyewe, nisogee pembeni tuzungumze.