Wabelgiji Wangu Hawasikii

Uzee una dhiki nyingi, lakini hii sikuitegemea: mimi mtu wa Kasongo, huku Kongo, kukabidhiwa Wabelgiji niwaongoze vitani, tena Wabelgiji wasiosikia amri.

Mpwa wangu amekuja likizo kutoka Liège na sanduku la askari wa plastiki. Huo ndio mchezo wake: majeshi ya kale yanapangwa mezani, mwendo unapimwa kwa rula, vifo vinaamuliwa na dadu. Mwenye sanduku ni yeye, basi Warumi ni wake. Mimi naachiwa "jeshi la kikabila", nao ni Belgae, wale Wagali wa kaskazini ambao Julius Caesar mwenyewe aliandika kwamba ndio hodari kuliko Wagali wote. Ubelgiji umepata jina lake kwao.

Uhodari huo mezani siuoni. Kwanza kuna rangi. Mrumi ana ngao nyekundu. Ukimpaka mmoja, umewapaka wote. Wangu kila mmoja ana thamani ya pointi chache tu, kwa hiyo wanakuja wengi, na kila mmoja kavaa suruali ya miraba yake. Nakodoa macho kwenye taa ya sola, nachora miraba ya suruali, huku mama watoto akiuliza watu hawa wataanza lini kulima muhogo.

Halafu kuna kanuni. Wapiganaji wa kikabila wakimwona adui karibu, ni lazima wamrukie. Nimewaficha msituni, nimepanga vizuri, wanatoka wenyewe wakipiga kelele. Warumi wanasimama, wanasubiri, wananimaliza.

"Ndivyo walivyokuwa, mjomba. Hawakuwa na nidhamu."

Nani kasema? Mwaka 54 kabla ya Kristo, Ambiorix, chifu wa Waeburoni, aliwadanganya Warumi watoke kambini mwao, akawavizia bondeni, akaangamiza karibu jeshi zima la vikosi (kohorti) 15. Leo ana sanamu pale Tongeren, mji wa hukohuko Ubelgiji anakosoma huyu mtoto. Mtu asiyejua kusubiri huvizia vipi?

Na Kasongo yenyewe? Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, aliingia hapa Aprili 1893, na Sefu, mtoto wa Tippu Tip yule mfanyabiashara wa Kiarabu wa pembe na watumwa, akakimbia. Shuleni tulifundishwa kwamba Bula Matari, yaani utawala wa Wazungu, ndiye aliyeshinda. Lakini wengi katika msafara wa Dhanis walikuwa watu wa chifu Ngongo Lutete, aliyekuwa amepigana upande wa Waarabu, akapima upepo, akahama 1892. Mwezi Machi 1893 walivuka mto Lualaba kwa mitumbwi ya Wagenya wakaingia Nyangwe. Bila hao wote wa "kikabila", Dhanis angebaki ng'ambo akihesabu viboko. Mwaka uleule maofisa wa Bula Matari walimhukumu Ngongo, wakampiga risasi. Kwenye kitabu cha kanuni cha mpwa wangu angekuwa pointi mbili, na lazima aruke.

Kumbe ukishindwa, aliyekushinda ndiye anayeandika kwamba hukuwa na akili. Na ukishinda, anaandika kwamba aliyeshinda ni mwingine.

Nimetoa masharti. Belgae wangu waruhusiwe kujificha, kudanganya, na hata kuhamia kwa Warumi katikati ya mchezo pakiwa na faida. Mpwa wangu anasema huo si mchezo tena, ni siasa. Hayo ndiyo ninayomweleza tangu alipofungua sanduku. Akikataa, suruali zilizobaki atapaka mwenyewe.