Uchambuzi wa Kisu Kilichoshindwa na Nyanya

Katika vipimo vyote vinavyoweza kutumiwa kuupima ukali wa kisu, hakuna kisicho na huruma kama nyanya iliyoiva, kwa sababu nyanya haina mfupa wa kusingiziwa wala mshipa wa kulaumiwa, na inaposhindikana kukatwa mbele ya mama mkwe, fedheha yote humwangukia aliyeshika mpini. Kupiga kambi kwa gari, yaani ile namna ya kulala porini ambapo gari huegeshwa hatua kumi kutoka kwenye hema na buti lake hugeuka kuwa ghala, kabati na wakati mwingine chumba cha kubadilishia nguo, huuzidishia mtihani huo ugumu badala ya kuupunguza, maana aliyekuja na gari hawezi kujitetea kwamba mzigo ulimwelemea. Angeweza kubeba kisu chochote duniani. Alichobeba alikichagua mwenyewe.

Mpiga kambi ambaye mkasa wake umechochea uchambuzi huu, na ambaye jina lake limehifadhiwa kwa sababu zitakazoeleweka, alikichagua chake kwa muda wa wiki tatu. Kilikuwa cha aina inayoitwa madukani kisu cha kujiokoa, yaani kisu kilichobuniwa kwa ajili ya mtu aliyepotea msituni peke yake na bila chakula: ubapa wa sentimita 18, mgongo wenye unene wa milimita 5, meno ya msumeno juu ya mgongo huo, rangi nyeusi kila mahali, na mpini wenye uwazi ndani ambamo mlifichwa njiti za kiberiti, ndoana mbili, uzi wa kuvulia samaki na, kwenye kifuniko chake, dira. Kisu hiki kilipelekwa Jumamosi iliyopita katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyo umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi na yenye eneo la kilomita za mraba 68, pamoja na mke, mtoto, mama mkwe, nyama ya mbuzi, na nyanya zilizonunuliwa njiani Soko Mjinga, jina ambalo halikuonekana kuwa ishara ya jambo lolote wakati ule.

Kachumbari ilikuwa imeahidiwa. Mpiga kambi aliweka nyanya ya kwanza juu ya ubao, akakichomoa kisu kutoka kwenye ala yake kwa mwendo uliokusudiwa kuonekana, akaushusha ubapa, na ganda la nyanya likabonyea bila kukatika. Alipoongeza nguvu likazidi kubonyea, na alipoegemea kwa bega, nyanya ilipasuka upande usiotarajiwa na kutema mbegu zake zote juu ya leso ya mama mkwe, huku ganda lenyewe likibaki karibu zima, limekunjamana chini ya kisu kama soksi. Nyanya ya pili ilikuwa na mwisho huohuo, isipokuwa mbegu zilielekea kwa mtoto, ambaye alicheka. Mama mkwe hakucheka. Alisema, "Lete hapa, mwanangu," kwa sauti ambayo watu wazima huitumia kwa mtoto anayehangaika na kamba za viatu, akatoa ndani ya kiondo chake kisu chenye ubapa wa urefu wa kidole, uliolika kwa miaka ya kunolewa mpaka ukawa mwembamba kama jani, na ambacho mpini wake ulikuwa umefungwa kwa utepe wa mpira wa tyubu. Alikigeuza kikombe cha chai juu chini, akakipitisha kisu mara nne nne kila upande kwenye kitako chake, kisha akakata nyanya sita akizishika kiganjani, bila ubao na bila kutazama, huku akimuuliza binti yake kuhusu karo ya muhula ujao.

Ili kulielewa tukio hili inavyostahili, ni lazima kwanza kufahamu kwamba kisu ni kabari, yaani kifaa chenye nyuso mbili zinazokutana kwa pembe kali na kugeuza msukumo wa kwenda chini kuwa msukumo wa kutenga pande mbili. Kukata huanza pale ambapo nguvu ya mkono hukusanywa kwenye mstari mwembamba kiasi kwamba shinikizo lake, ambalo ni nguvu ikigawanywa kwa eneo, hupita uwezo wa kitu kinachokatwa kuvumilia. Ganda la nyanya ni gumu na linanyumbuka, ilhali nyama iliyo chini yake ni laini na imejaa maji. Kwa hiyo makali yakiwa mapana hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, nyama husalimu amri kabla ya ganda, na nyanya husagwa ikiwa bado imevaa nguo zake. Makali ya kisu cha jikoni kwa kawaida hunolewa kwa nyuzi 15 hadi 20 kila upande, lakini kisu cha porini hupewa pembe butu zaidi, nyuzi 25 au hata zaidi, ili kisipate pengo kinapogonga mfupa au gogo. Hata pembe ikiwa nzuri, bado kuna suala la unene ulio nyuma ya makali, ambao ndio hasa huamua kama kipande kitaachia njia au kitabanwa: mwenye kukata karoti kwa kisu cha milimita 5 atasikia mlio wa "ko!", na mlio huo ni ushahidi kwamba karoti haikukatwa bali imepasuliwa kama kuni. Isitoshe, mkono wa mama mkwe haukukandamiza, bali ulivuta, na kuvuta huko hufanya makali yalitelezee ganda kwa urefu, na kulikata kwa nguvu ndogo zaidi kuliko inayotakiwa na msukumo wa wima.

Kitako cha kikombe nacho kinastahili aya yake, kwa kuwa ni kinoo kilichofichwa katika kila kabati la vyombo. Kikombe cha udongo hupakwa ung'avu wa kioo kabla ya kuchomwa, lakini mduara wa chini unaogusa rafu ya tanuri huachwa mtupu, kwani ung'avu ukiyeyuka hapo ungekigandisha kikombe kwenye rafu. Mduara huo uliobaki wenye kukwaruza ni mgumu kuliko feleji ya visu vingi, una chembe ndogo kiasi cha kufaa, na haugharimu chochote zaidi ya chai iliyokuwa ndani yake. Kisu kinaposuguliwa hapo kwa pembe isiyobadilika, chuma kilichochakaa huondoka, na kwenye upande wa pili hutokea ukingo mwembamba uliojikunja, ambao huondolewa kwa kugeuza kisu na kupitisha upande ule mwingine taratibu. Ndiyo maana mama mkwe alikuwa akibadilisha pande, ingawa angeulizwa sababu angejibu tu kwamba ndivyo inavyofanywa. Kinolewacho hupata, walisema wahenga, na ni dhahiri kwamba walikuwa na vikombe.

Swali la feleji yenyewe lina historia ya kuchekesha kwa wasiohusika. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta feleji ya mitutu ya bunduki isiyolika upesi, akapata mchanganyiko wenye kromiamu karibu asilimia 13 ambao haukushika kutu, na akaona papo hapo kwamba unafaa kwa visu vya mezani. Visu vya mwanzo vya feleji hiyo havikushika makali, na wenzake wakamdhihaki kuwa amegundua kisu kisichokata. Leo kasoro hiyo imetibiwa kwa kurekebisha kiasi cha kaboni na joto la kukazia chuma, na ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, ambacho huangalia kina cha alama inayoachwa na ncha ya almasi inapokandamizwa juu ya chuma: visu vingi vya jikoni vya Ulaya huangukia kati ya 54 na 58, na vingi vya Kijapani hufikia 60 au kupita, vikawa vikali zaidi na vyepesi zaidi kumeguka. Tarakimu hizi zinajulikana kiwandani. Hata hivyo, kwenye boksi la kisu kilichoshindwa na nyanya hapakuwa na hata moja, bali picha ya mwanamume mwenye ndevu amesimama mbele ya mlima wa theluji, na muuzaji alipoulizwa ugumu wa feleji alijibu kwamba kisu hicho ni cha kijeshi. Paketi ya biskuti hulazimika kutaja mpaka chumvi iliyomo; kisu, kinachoweza kumtoa mtu kidole, kinauzwa kwa ndevu. Na katika duka hilohilo, rafu mbili mbele, vilikuwapo visu vya jikoni vyembamba, vyepesi na vikali, vimechorwa maua mpinini na kuuzwa kwa theluthi ya bei, kwa dhana kwamba mwenye kukata vitunguu kila siku kwa miaka arobaini hahitaji kifaa, ila chombo tu, na kwamba kifaa ni haki ya yule anayekata mara mbili kwa mwaka akiwa amevaa kofia.

Kazi halisi za kisu katika kambi ya gari ni chache na za kinyumbani: kukata mboga, kugawa nyama iliyochomwa, kupaka siagi, kufungua pakiti ya mkaa na kukata kamba. Kupasua magogo hakumo, kwa sababu sheria za hifadhi haziruhusu kukata miti na kuni hununuliwa zikiwa zimeshapasuliwa. Kwa kazi hizo, Opinel nambari 8 ya Ufaransa, yenye ubapa wa sentimita 8.5 na pete ya kuufunga iliyobuniwa mwaka 1955, hukata nyanya kwa heshima, ijapokuwa mpini wake wa mti huvimba ukilowa na kisu kikakataa kufunguka. Na visu vya Mora vya Uswidi, ambavyo havikunjwi, vina ala ya plastiki na bei isiyomfanya mtu alie akivisahau porini. Kisu cha Victorinox chenye vifaa vingi kinafaa kwa sababu ya kifungua kopo. Panga linafaa kwa madafu na kwa kugongea vigingi vya hema. Pwani, mgema ana kotama, kisu kilichopindika cha kugemea tembo, na hakuna aliyewahi kumwona mgema akipanda mnazi na kisu chenye dira. Lakini kwa mwenye buti la gari, jibu lililo karibu zaidi ni kisu cha jikoni kilichoko nyumbani, kikafungiwa ndani ya kipande cha kadibodi kilichokunjwa na kubanwa kwa mpira, na kinoo, au kikombe.

Mikasa iliyofuata haihitaji maelezo marefu. Meno ya msumeno yalinasa kwenye mkate na kuugeuza kuwa makombo, ambayo tumbili waliyapokea. Askari wa kizuizi kimoja, wakati wa kurudi, aliuliza kama familia ilikuwa ikitoka kambini au vitani. Dira nayo ilionyesha upande wa ncha ya kisu kila kisu kilipogeuzwa, kwa kuwa sindano ya dira ni sumaku na feleji iliyo sentimita chache kutoka kwayo huivuta kuliko dunia yenyewe, hivyo kwamba aliyepotea na kisu hicho hatajua njia ya kurudi nyumbani lakini atajua daima kisu kiko wapi. Na jioni, mpiga kambi alipojaribu kurejesha hadhi yake kwa kupasua kipande cha kuni ambacho hakikuhitaji kupasuliwa, ubapa uling'oka kutoka kwenye mpini, kwa sababu mpini ukiwa na uwazi ndani, chuma hakiwezi kupita hadi mwisho wake, bali hushikizwa mdomoni tu kwa sentimita mbili au tatu.

Ubapa huo sasa uko kwa mama mkwe, ambaye huutumia kupalilia dania na ameripoti kwa simu kwamba kwa magugu hauna mpinzani. Mpini alipewa mtoto, baada ya ndoana kutolewa kwanza, na tangu utenganishwe na ubapa, dira iliyo kwenye kifuniko chake inaonyesha kaskazini bila kosa.