Chungu Kimoja Kikubwa

Wapo miongoni mwa waungwana wa Riruta ambao, kila ifikapo Julai na mawingu yakatanda juu ya Nairobi, huamuru mimea yao ya vyunguni iingizwe gerejini, inyimwe maji ila kwa uchache, na mlango ukomewe, kwa kuwa ndivyo vinavyousia vitabu vya bustani vya Uingereza. Vitabu hivyo, haki ya Mungu, havikudanganya: huko maji huganda udongoni, na jeraniamu iliyosahauliwa nje huuawa na jalidi. Lakini Riruta i jirani ya Ikweta, na usiku wake wa Julai kwa kawaida hauteremki sana chini ya digrii 10; na jeraniamu yenyewe asili yake ni Afrika Kusini, kama ambavyo Saintpaulia, ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya mwaka 1892, ni mzaliwa wa Usambara. Basi wenyeji hawa wa Afrika wamehifadhiwa na baridi ya Ulaya, wakachujuka kizani kwa kukosa nuru, ambayo ndiyo hasa adimu msimu huu.

Gari, likiwa limepokonywa makao, hulala uani chini ya turubai. Na bawabu, ambaye hakuna kitabu cha bustani kilichomtaja, hukesha langoni akitetemeka. Nasaha yangu kwake ni kwamba atafute chungu cha kumtosha, ajipande humo kabla ya magharibi, na aombe asikose kuhesabiwa.