Ombi la kupandishwa cheo hadi uchochezi

Kwa Mwenyekiti,
Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa,
Nairobi.

MINT: OMBI LA WAKAZI WA ENTARARA KUSAJILIWA KUWA WACHOCHEZI

Wakazi wa Entarara, Kaunti ya Kajiado, wamefuatilia kwa miaka kadhaa jinsi sheria za maneno zinavyotumika nchini, wakakata shauri: hawataki tena kuwa wakosoaji wa serikali. Wanaomba wapandishwe cheo wawe wachochezi wa ukabila, maana kazi hiyo ina marupurupu.

Ushahidi upo. Juni 2016 wanasiasa wanane, wa Jubilee iliyokuwa ikitawala na wa CORD ya upinzani, walitiwa ndani katika kituo cha polisi cha Pangani kwa tuhuma za matamshi ya chuki. Walikaa humo siku kadhaa, wakatoka wakihubiri amani. Mwaka uliofuata mmoja wao, Ferdinand Waititu, akawa Gavana wa Kiambu. Mwaka 2022 wengine wawili, Moses Kuria na Aisha Jumwa, wakateuliwa mawaziri. Naye Seneta Mithika Linturi, aliyekamatwa Januari 2022 baada ya kuzungumzia "madoadoa" kwenye mkutano wa Eldoret, alikabidhiwa Wizara ya Kilimo kabla mwaka haujaisha. Kushtakiwa si kuhukumiwa, na wakazi wanalijua hilo. Wanachosema ni kwamba vyuo vikuu vingi vingeionea wivu seli ya Pangani kwa idadi ya wahitimu wake walioajiriwa.

Tume isidhani kwamba wakazi wanabeza mipaka. Sokoni kwao Mmaasai, Mkamba na Mkikuyu huuziana mbuzi, maharagwe na mitumba, na hukopeshana bila kuandikishana. Watu wa namna hiyo ndio wa kwanza kuumia mwanasiasa anapoamua kwamba baadhi yao ni madoa. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua zaidi ya watu 1,100, na hayo ndiyo yaliyozaa Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, yenye faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa matamshi ya chuki. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 nacho kinalinda uhuru wa kujieleza, kisha kinakataa kulinda propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kwa hiyo Aprili 2022, Tume ilipotoa orodha ya maneno zaidi ya 20 ya kuepukwa, yakiwamo "madoadoa", "mende" na "kwekwe", wakazi walielewa. Huko Rwanda mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita watu mende huku wakiuawa. Kilichowatatiza ni kwa nini "hatupangwingwi", neno lililotoka kwenye wimbo wa vijana, lilifungiwa chumba kimoja na mende.

Kuna maneno magumu kuliko hayo, na Kajiado inayajua. Juni 2017, katika kampeni kwenye kaunti hii, Raila Odinga aliwasihi Wamaasai wasiwauzie ardhi watu wa nje. Jubilee ikapaza sauti kwamba huo ni uchochezi dhidi ya waliohamia. Waliomtetea walikuwa na historia mkononi: Wamaasai walipoteza malisho yao bora kwa mikataba ya 1904 na 1911 waliyowekewa na Waingereza, na tangu hapo ardhi imezidi kuwaponyoka, ekari moja baada ya nyingine. Je, ni chuki hiyo au ni dai la haki? Mzee aliyeuza shamba akabaki na majuto ana hoja. Mgeni aliyelinunua kwa pensheni yake na kupewa hati ana hoja pia, na hotuba moja ya dakika tano yaweza kumkosesha usingizi. Entarara hulijadili suala hili kwa sauti ya juu, mara nyingi bila adabu, kisha watu wakaagiza chai. Atakayetaka kuyapima maneno ya aina hiyo kisheria anahitaji hakimu, ushahidi, wakili, na mshtakiwa aliyepo kizimbani.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililokosekana Kitengela, mji wa kaunti hii hii.

Tarehe 19 Agosti 2024 ndugu wawili wa mji huo, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa na watu wasiojitambulisha. Mwanaharakati Bob Njagi naye akatoweka siku hiyo hiyo. Wote watatu walihusishwa na maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Hawakusomewa mashtaka yoyote. Mahakama Kuu ikaamuru waletwe. Kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, akaitwa mara kadhaa na kila mara akawa na shughuli kwingine, hadi tarehe 13 Septemba Jaji Lawrence Mugambi alipomhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, huku akimwachia siku saba za kufika. Jaji akaondolewa walinzi. Baada ya siku 32 watatu hao wakaachiliwa huko Kiambu, Masengeli akafika mahakamani kuomba radhi, na adhabu ikafutwa. Laiti vijana hao wangelitukana kabila zima jukwaani! Wangepata wakili, dhamana, kamera za televisheni na, kwa bahati nzuri, wizara.

Kajiado ni kaunti ya kugawa mashamba, na kila mtu hapa anajua ujanja wa kuhamisha jiwe la mpaka usiku. Jiwe la Kifungu cha 33 lilichimbiwa kati ya jirani na jirani. Kumekucha, liko uani kwa mheshimiwa.

Mei 2025 Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza tovuti iliyowasaidia wananchi kulitumia Bunge maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha, maoni ambayo Bunge lenyewe huyaomba. Mahakama iliitupa kesi hiyo mwezi uliofuata. Juni hiyo hiyo mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kutokana na malalamiko ya Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat juu ya chapisho la mtandaoni. Asubuhi iliyofuata alikuwa maiti katika kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Wataalamu waliompasua wakakuta majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo. Kwa huyu barua haina mzaha.

Tume itajibu kwamba utekaji si idara yake. Ni kweli, na ndiyo maana wakazi wanataka kuhamia idara yake. Wanaomba kila mtu wa Kajiado atakayeudhi kwa maneno ahesabiwe mchochezi tangu dakika ya kwanza, hata kama kosa lake ni katuni: aambiwe kifungu alichovunja, aandikiwe namba ya OB katika daftari la matukio la polisi, familia ijulishwe kituo alikolazwa, na kesho yake afikishwe kwa hakimu. Mahakimu wakiona kifungo cha miaka mitatu kinawafaa, wakazi watakitumikia. Wanaomba tu kijulikane kinatumikiwa wapi.

Majibu yatumwe kwa posta. Ikishindikana, aliyetumwa avae sare, na gari lake liwe na namba za usajili.