Mahari ya Kikokotoo

Mwanafunzi wa uhandisi Marekani, kabla hajajua hata mlango wa karakana, huposa kikokotoo cha kuchora grafu. Anayepigiwa debe ni TI-84 Plus wa Texas Instruments, bibi harusi wa mwaka 2004: kioo cha nukta 96 kwa 64, betri nne za AAA na ubongo wa Z80, chipu iliyoingia sokoni mwaka 1976. Mahari? Zaidi ya dola 100. Simu iliyo mfukoni mwa mposaji huchora grafu hiyohiyo bure, tena kwa rangi, ila haikaribishwi kwenye chumba cha mtihani.

Wajuaji humtaka wa HP, mwenye mantiki ya RPN: taja namba mbili kwanza, ndipo useme zijumlishwe. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayemwazima mara mbili.

Kisha chuo kikielekea ukingoni hufika mtihani wa FE (misingi ya uhandisi), hatua ya kwanza ya leseni ya uhandisi. Orodha ya vikokotoo vinavyoruhusiwa na NCEES, baraza linaloendesha mtihani huo, ina akina Casio fx-991 na TI-36X, vya bei ya chakula cha mchana cha wawili. Kinachochora grafu hakimo hata kimoja. Bibi harusi hubaki nyumbani, na betri zake nne.