Ratiba Inayojua Kuogelea

Vitabu vya mbinu za kusoma vinakubaliana kwamba mwanafunzi anahitaji meza, taa, kimya na ratiba. Bwaise nilipata meza. Niliinunua kwa maseremala wa barabarani, watu wakarimu walionipunguzia bei na kunisaidia kuibeba hadi chumbani. Ambacho hawakunieleza ni kwamba randa yao ya umeme huanza kunguruma saa ileile ninayoikalia meza hiyo.

Kwa asiyepajua, Bwaise iko kaskazini mwa Kampala, tarafa ya Kawempe, pale Barabara ya Bombo inapokutana na Northern Bypass, barabara ya mchepuo iliyofunguliwa mwaka 2009. Ni bondeni. Zamani palikuwa kinamasi, na kinamasi chenyewe hakijakubali kwamba kimehamishwa. Vilima vya jirani vinateremsha maji yao kwenye mifereji ya Nsooba na Lubigi, na mifereji ikishiba, makombo yanaletwa vyumbani mwetu. Lakini kodi ni nafuu, na kilima cha Makerere unakiona kwa macho. Unapanda kwa miguu, nauli inabaki mfukoni, jioni inakuwa rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai ambayo bila yake elimu ya juu ya Uganda ingeshafungwa.

Baba yangu, kutoka Tanga, huwa ananikumbusha kwa simu kwamba Mwalimu Nyerere alisoma hapo hapo Makerere, akatoka na stashahada ya ualimu mwaka 1945, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alilalamikia kelele. Nilitamani kumwambia kwamba Mwalimu alisoma juu kilimani, mimi niko chini yanakoishia maji ya kilimani. Nikasema, "Ndiyo, baba." Anayekulipia ada hapingwi kwa hoja za jiografia.

Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa kazi ya sanaa. Karatasi ya manila, kalamu za rangi: uhasibu wa gharama bluu, takwimu kijani, sheria ya biashara nyekundu. Saa mbili usiku hadi saa tano, Jumatatu hadi Jumamosi. Niliibandika ukutani, wapangaji wenzangu wakaja kuitazama. Fundi simu wa chumba cha pili alisimama mbele yake kitambo, kisha akauliza:

"Na Arsenal umewaweka wapi?"

Nikamwambia sikuwaweka. Akanitazama kwa huruma, akaondoka.

Alikuwa anajua. Ukuta wangu wa kulia unapakana na kibanda umiza. Siku za mpira, goli likiingia, kikombe changu kinasogea chenyewe mezani. Siku zisizo na mpira ni filamu, na filamu za Kampala hazitazamwi kimya kimya. Kuna VJ, msimulizi anayezipitishia Kiganda juu kwa juu, kazi aliyotufanyia Lufufu kule Tanzania, ila huyu wa kwetu ana maoni kuhusu kila mhusika na hayafichi hata moja. Wiki niliyotengea uhasibu wa gharama nilimaliza nikijua namna Rambo anavyomkaripia afisa wa polisi kwa Kiganda fasaha. Kwenye mtihani swali hilo halikutoka.

Ukuta wa kushoto ni kafunda, baa ndogo ya wateja wachache wenye sauti kubwa. Nyuma ya kafunda kuna kanisa, na Ijumaa kuna mkesha wenye vipaza sauti. Usiku mmoja waliomba hadi alfajiri kumkemea pepo wa usingizi. Kwa upande wangu alitoka kabisa.

Ukibahatika kupata kimya, ujue Yaka imekwisha. Umeme wetu ni wa kulipia kabla, mita moja kwa wapangaji wote, na tokeni huisha usiku, saa ambayo kila mtu ameshalala fofofo asije akaombwa mchango. Mchango wenyewe hugawanywa sawa, kati ya mimi mwenye taa moja na jirani anayepiga pasi hadi soksi. Nilijaribu kulizungumza jambo hili kwa mwenye nyumba. Akasema, "Mwana wange, wewe si ndiye unayesomea hesabu?"

Rafiki mmoja akanishauri njia ya Francesco Cirillo, Mtaliano ambaye miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: unasoma dakika 25, unapumzika dakika 5, unarudia, na kila kipande kinaitwa nyanya. Nikamsimulia mama mmoja wa mtaani kwetu anayeuza nyanya za kutoka soko la Kalerwe. Alinisikiliza kwa makini ya mtu wa biashara. "Nyanya moja dakika ishirini na tano?" akasema. "Mimi kwa muda huo nimemaliza karai." Hata hivyo tangu siku hiyo huniuliza nikirudi: leo umeuza ngapi? Hakuna mhadhiri aliyewahi kunifuatilia hivyo.

Halafu kuna mvua. Kalenda ya vyuo vingi vya Uganda ilipangwa na mtu aliyekaa kilimani. Muhula wa kwanza unaanza Agosti na kuishia Desemba, wa pili unaanza mwanzoni mwa mwaka na kufikia mitihani kuanzia Mei. Mvua kubwa nazo ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Kwa hiyo kila muhula unapoiva, mbingu zinafunguka. Usiku maji yalipoingia, wenyeji hawakupiga kelele. Walipandisha magodoro juu ya meza, magunia juu ya magodoro, watoto juu ya magunia, wakakaa vitandani wakipiga soga, kwa kuwa vitanda vya Bwaise husimama juu ya matofali kwa sababu maalumu. Mimi nilikuwa nikiifukuza sheria ya biashara, iliyokwisha kuvuka kizingiti. Maji ya Lubigi huelekea mto Mayanja, na naamini huko sasa kuna kambare wanaoielewa sheria ya mikataba kuliko mimi. Ratiba ilibaki ukutani, ila rangi zake tatu zilikuwa zimeungana kuwa moja, na somo hilo halifundishwi popote.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Hermann Ebbinghaus. Mjerumani huyu alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimsaidia sawa na marudio 68 ya mfululizo. Maana yake, kusoma vipande vipande kunashinda kukesha. Ebbinghaus ilimbidi ajilazimishe kuacha. Sisi Bwaise tunakatishwa bure, na wataalamu wa fani zote.

Kwa hiyo ratiba niliyo nayo leo haina saa. Imeandikwa kwa penseli nyuma ya kalenda ya duka la dawa, na inafuata mtaa. Baada ya adhana ya alfajiri hadi fundi wa kuchomelea mageti awashe mashine: takwimu, kwa sababu zinataka kichwa kitupu. Nikisubiri dumu langu lijae bombani: fasili za sheria, moja kwa kila dumu la mbele yangu. Mechi inapoanza: natoka, napanda maktaba, narudi na msongamano wa mashabiki. Yaka ikizima: najisimulia gizani nilichosoma asubuhi, na nikikwama, fundi simu ananikumbusha kupitia ukutani, maana naye sasa anaijua mikataba. Arsenal wamo. Mvua ina safu yake yenyewe, imeandikwa: pandisha vitabu.

Wewe unayekuja kupanga Bwaise muhula ujao, usianze kwa kuuliza kodi. Tazama ukuta wa chumba. Ukikuta rangi mpya imepakwa kutoka sakafuni hadi usawa wa goti tu, umeshajibiwa. Omba cha ghorofani, na kalamu za rangi waachie watoto wa chekechea.