Sifa za Mtu wa Nyumbani

Wapo wanaosifu ukuu wa wilaya, wapo wanaosifu uprofesa. Mimi leo nasimama kusifu cheo kisicho na mshahara, gari wala barua ya uteuzi: cheo cha mteja wa kudumu katika baa ya mtaani. Nimekitumikia miaka sita hapa Tabata, kwenye baa ambayo jina lake nalihifadhi kwa sababu bado nakwenda.

Huapishwi. Siku moja tu unaketi, na kabla hujafungua mdomo dada anakuwekea Safari ya moto mezani, anaifungua, kizibo kinadondoka, anaondoka zake. Hajauliza. Jioni hiyo niligeuka huku na huku nione kama kuna shahidi. Katika jiji hili ambalo konda hakujui na mwenye nyumba anakukumbuka siku moja tu kwa mwezi, kuna binadamu mmoja anayejua kwamba bia yangu haipiti kwenye friji. Anayenicheka hajawahi kujulikana mahali.

Kasoro ndogo ilijitokeza nilipougua malaria. Nikiwa katikati ya dozi ya mseto nilipita ninywe supu na soda, basi. Kabla sijavuta kiti, Safari ilikuwa imeshafunguliwa, na bia iliyofunguliwa hairudi kaunta. Nililipa, nikakaa nayo nikiitazama ikiisha povu, tukiwa wagonjwa wawili.

Faida nyingine nazitaja kwa haraka. Siku ya Simba na Yanga nahamishiwa nyuma ya nguzo, maana viti vya mbele ni vya wageni, na sauti ya mtangazaji inanitosha. Nikiagiza nusu ya nyama naletewa shingo. Mbavu zina wenyewe. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe langu nimeshakabidhiwa: mvua ikianza ndimi ninayeitwa kusaidia kuingiza viti, na mara moja nilijikuta nimebeba kreti nikimhudumia mtu ambaye baadaye aliniita "dogo".

Lakini sifa kuu ya mtu wa nyumbani, ile ambayo ningepewa siku nzima ningeihubiri bila maji, ni chenji.

Bili yangu kwa kawaida inafika 9,500. Natoa noti ya elfu kumi. Dada anaikunja, anaitumbukiza mfukoni mwa aproni, ananigusa bega na kusema kwa upole ambao hata mama mzazi hakunipa: "Kaka, jero utaikuta kesho." Nawaomba wasomaji wa sarufi watulie hapo. Hasemi "nitakupa". Anasema "utaikuta", kana kwamba hiyo jero itakuwa imekaa mahali, imekunja nne, inaniulizia kwa wapita njia. Mwenye kuipeleka hapo hayumo katika sentensi. Nimekuja kesho, na keshokutwa, nami sijaikuta. Lakini kosa ni langu, bila shaka nilifika ikiwa imetoka kidogo.

Fikirini akiba hii ilivyo bora. Benki zinadai kitambulisho, picha, barua ya serikali ya mtaa, kisha kila mwezi zinakukata ada ya kukutunzia fedha zako mwenyewe. Kaunta yetu haikunidai hata sahihi. Haikati ada. Kutoa fedha hairuhusu kabisa, na kwa mtu mwenye mkono mwepesi kama mimi huo ni ulinzi. Mwaka 2025, Benki Kuu ilipotoa miezi mitatu, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili, noti za zamani zirudishwe, ikiwemo noti ya mia tano, wenzangu walipekua magodoro. Mimi nilikwenda kaunta na swali la kiuchumi: jero zangu zimehifadhiwa kwa noti au kwa sarafu? Dada alicheka hadi akashika friji. "Kaka na wewe!" Nikarudi kukaa nikiwa na amani. Amana yangu haina noti wala sarafu, ni neno tu, na neno halibadilishwi dirishani.

Mtasema nilipe kwa simu. Lipa namba ipo, imebandikwa ukutani juu ya kalenda. Wageni wanaitumia vizuri. Nikitoa simu mimi naambiwa mtandao unasumbua, toa tu keshi kaka.

Basi mwezi uliopita aliketi jirani yangu kijana mmoja mwenye begi la kompyuta. Sijawahi kumwona. Aliagiza maji makubwa na mishikaki miwili, akaulizwa anaitaka iliyoiva sana au ya wastani. Miaka sita sijaulizwa swali hilo. Sikujua hata kwamba jiko lile lina wastani. Akatoa elfu kumi. Droo ikavutwa, na kwa masikio yangu haya nikasikia sarafu zikigongana humo ndani, nyingi, kama harusi. Akarudishiwa hadi mia mbili ya mwisho, kwenye kisahani, pamoja na vijiti vya meno.

"Dada," nikasema, "na mimi je?"

"Jamani kaka, yule ni mgeni. Asipopewa hatarudi."

Hapo hotuba iliniishia. Yaani kosa langu ni kurudi? Ningekuwa mtu wa kupita, mwenye mguu mmoja barabarani, ningeheshimiwa. Kwa kuwa nimewapenda, ndiyo nikae nyuma ya nguzo na shingo yangu?

Baba yangu mdogo haamini nikimsimulia. Yeye alikuwa kijana hapa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, sabuni na bia vilipokuwa vya kutafuta kwa tochi. Enzi hizo, anasema, aliyejuana na kaunta ndiye aliyeondoka na chupa mbili ndani ya gazeti, na asiyejulikana akaambiwa zimekwisha. Hata mwaka 1983, serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, mlango wa nyuma kwa maelezo yake ulibadilishwa kitasa tu. Ulikuwa upendeleo mchafu, lakini angalau ulijua umpendelee nani. Wa siku hizi umegeuzwa kichwa chini.

Na si baa tu. Kampuni ya simu iliyonikaa mfukoni miaka kumi na tano inanitumia ujumbe kunitangazia ofa nono, na mwishoni inaongeza: kwa wateja wapya. Kazini kwetu aliyeajiriwa juzi alipangiwa posho ambayo mimi niliiomba mara tatu. Nilipouliza, bosi alinishika bega, lile lile bega, akasema mimi ni wa nyumbani, nivumilie.

Juu ya wote yupo mwajiriwa, mteja wa kudumu wa taifa. Mshahara wake ukivuka shilingi 270,000 kwa mwezi, kodi inakatwa kabla haujamfikia mkononi. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa serikali, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inafuata njia hiyo hiyo. Ilikuwa 8, ikapandishwa mwaka 2016. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, zikapigiwa kelele na kupunguzwa kwa asilimia 30, aliyekuwa ameshakatwa hakurudishiwa kwenye kisahani. Mwekezaji anayeshuka uwanja wa ndege leo anaulizwa vizuri: msamaha wa kodi gani, wa miaka mingapi, wa wastani au ulioiva sana? Asipopewa hatarudi. Mwalimu wa Nachingwea ataenda wapi? Malimbikizo yake yanahakikiwa. Kuhakikiwa ndiyo "utaikuta kesho" iliyovaa suti.

Ijumaa iliyopita nilivuka barabara nikaingia baa ya pili. Nilipewa kiti cha mbele. Nikaletewa mbavu. Chenji ilikuja kabla sijamaliza kujifuta mikono, sarafu ya mia tano, ya moto kutoka mkononi mwa binti wa watu. Kisha akaniuliza nitakunywa nini, nikasema Safari, akaleta ya baridi.

Jumamosi nilikuwa nyuma ya nguzo yangu. Nyuma ya daftari langu nimechora vijiti 29, kwa hiyo hadi naandika haya kaunta ina shilingi 14,500 zangu. Dada, kama gazeti hili litakufikia likiwa limefunga mishikaki, nakuomba elfu kumi tu, nina shida nayo. Hiyo elfu nne na jero iache, nitaikuta.